Nimeletewa sarafu mbili za rubani Bessie Coleman: nizitoboe ziwe kidani cha binti yangu au niziache kama zilivyo?

MamaRukia_Tanga

Wakuu salaam. Nina jambo naomba mnishauri kabla sijalifanya, maana likishafanyika halirudi nyuma.

Binti yangu anamaliza masomo ya ufundi wa ndege Dar mwaka huu. Mdogo wangu anaishi Dallas, na aliposikia habari hiyo akanunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni sarafu mbili za robo dola za Marekani, za mwaka 2023, zenye sura ya Bessie Coleman, rubani mwanamke mweusi wa zamani. Muuzaji aliandika kwamba zote ni za madini ya fedha tupu. Zimenifikia kwa mkono wa mtu, kila moja kwenye kifuko laini cha plastiki. Zinang'aa kama kioo. Upande mmoja ni George Washington, upande wa pili ni huyo dada anajiandaa kuruka, macho ameyatupa juu, na kumeandikwa 6.15.1921. Kuna na herufi S ndogo.

Nimempelekea sonara ninayemwamini hapa mjini azione. Ana mawazo mawili: atoboe tundu juu apitishe mkufu, au aziyeyushe zote mbili atengeneze kidani kimoja chenye jina la binti. Jirani yangu naye anasema niziuze, eti vitu vya namna hii wazungu wananunua kwa pesa nyingi.

Mimi moyo wangu uko kwenye kidani. Nataka siku ya mahafali awe nacho shingoni. Lakini nikiitazama ile kazi ya mkono iliyofanyika kwenye hiyo sarafu, nasita. Je, ni fedha kweli? Nitajuaje bila kuziharibu? Na mwenye uelewa anieleze hiyo tarehe, maana mwezi wa 15 haupo.

Nawasilisha.

MzeeWaRupia

Dada, safari ya kwa sonara isimame kwanza. Asitoboe, asiyeyushe, wala asizisugue kwenye jiwe lake na kudondoshea tindikali kwa kisingizio cha kupima. Kwa bangili sawa. Kwa sarafu ya namna hii, mkwaruzo mmoja tu umeshaiua.

Nakusanya sarafu kwa muda mrefu, nyingi ni za kwetu: rupia za Mjerumani, riale za Maria Theresa zilizokuwa zikitembea Unguja, na chache za Marekani. Hizi zako ziko kwenye mfululizo wa wanawake wa Marekani ulioanza 2022 na kumalizika 2025, wanawake ishirini, watano kila mwaka. Mwaka 2023 Bessie ndiye aliyefungua, wakafuata Edith Kanakaʻole, Eleanor Roosevelt, Jovita Idar na Maria Tallchief.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Sarafu hiyo ya Bessie imegongwa kwa namna zaidi ya moja. Za matumizi ya kila siku zina herufi P, yaani Philadelphia, au D, yaani Denver. Hizo ni shaba na nikeli, na thamani yake ni senti 25 tu. Halafu ziko za wakusanyaji, zinaitwa pruufu, zinazogongwa San Francisco kwa mihuri iliyosuguliwa, na zinagongwa zaidi ya mara moja ndiyo maana uso unakuwa kioo na picha inakuwa na weupe wa ukungu. Hizo zina S. Sasa pruufu zenyewe nazo ziko mbili: ya shaba na nikeli, na ya fedha ya asilimia 99.9. Zote zina S. Zote zinang'aa. Kwa hiyo S haikuhakikishii kitu, na wauzaji wengi wanachezea hapo hapo, wengine kwa kutojua.

Njia ya kuzijua ni rahisi wala haiumizi. Ishike sarafu kwa ukingo, usiguse uso, kisha itazame pembeni penye mwanga. Ya shaba na nikeli ina kiini cha shaba tupu katikati, utaona mstari mwekundu umezunguka ukingo wote. Ya fedha ukingo wake ni mweupe mwanzo hadi mwisho. Kisha muombe sonara mizani yake, ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Ya fedha ina gramu 6.34. Ya kawaida ina 5.67. Tofauti hiyo ni kubwa, mizani haiwezi kuificha.

Usihangaike na sumaku. Fedha haivutwi, na hiyo ya shaba na nikeli nayo haivutwi, utabaki palepale.

Habari ya jirani yako: sarafu hii si adimu. Ya fedha ina takriban moja ya tano ya wakia, kwa hiyo chukua bei ya wakia ya siku hiyo ugawe kwa tano, hicho ndicho kiasi cha fedha kilichomo. Mkusanyaji ataongeza kidogo juu yake ikiwa haina doa. Kuyeyusha ndiyo hasara kabisa, unapata gramu sita na ushee, kidani kizito cha jina hakitoki hapo.

Nipo_Houston

Shikamoo mama. Hiyo tarehe wenzetu huku wanaanza na mwezi, kwa hiyo ni 15 Juni 1921. Ndiyo siku Bessie Coleman alipopewa leseni ya urubani ya shirikisho la kimataifa la usafiri wa anga. Mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kuipata, na wa kwanza mwenye asili ya wenyeji wa Amerika pia, maana upande wa baba yake kulikuwa na damu ya Wacherokee.

Na leseni hiyo hakuipatia Marekani. Alizaliwa Atlanta, siyo ile ya Georgia, ni mji mdogo wa Texas, mwaka 1892, akakulia Waxahachie, ambako ni karibu na hapo Dallas kwa mdogo wako. Wazazi walilima pamba kwenye ardhi ya watu. Akahamia Chicago, akafanya kazi ya kutengeneza kucha kwa kinyozi. Kaka yake alikuwa amerudi kutoka vita vya Ufaransa, akawa anamtania kwamba wanawake wa kule wanarusha ndege, yeye hataweza. Shule za urubani za Marekani hazikumtaka, kwanza mweusi, pili mwanamke. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamwambia aende Ufaransa. Akajifunza Kifaransa, akaweka akiba, akavuka bahari, akasomea Le Crotoy kwenye shule ya ndugu wa Caudron.

Naandika haya kwa sababu binti yako atakapoulizwa "huyo ni nani" awe na la kusema. Mimi mwenyewe nina hiyo sarafu ya kawaida, niliipata kwenye chenji ya duka.

Jambo moja la sheria: huku kutoboa sarafu kwa ajili ya pambo si kosa, kosa ni kuiharibu kwa nia ya kudanganya watu. Kwa hiyo kama ni hofu ya sheria, iondoe.

FundiMkufu

Mimi ni sonara, na naomba niseme upande wetu, maana naona tunaanza kuonekana wabaya.

Fedha kuvaliwa si aibu. Bibi zetu wa pwani wamevaa riale na rupia kwenye mikufu miaka yote, zimetobolewa na nyingine zimeunganishwa pete juu, na leo hizo ndizo zinazokumbukwa nyumbani. Sarafu iliyokaa kabatini nani anaiona? Mama anataka binti avae. Hilo ni jambo jema, tumsaidie namna ya kulifanya vizuri.

Ushauri wangu: kama ni fedha kweli, usitoboe, ila mtengenezee fremu. Ni ukanda mwembamba wa fedha ya 925, yaani yenye asilimia 92.5 ya fedha, unaozunguka ukingo wa sarafu na kuibana, pete ya mkufu inakaa kwenye fremu, sarafu yenyewe haiguswi na msumeno wala moto. Fundi anaunganisha pete kwenye fremu kwanza, moto ukishapoa ndipo anaweka sarafu. Akikuambia ataunganisha sarafu ikiwa ndani, ondoka hapo.

Na kama ile nyingine ikionekana ni ya nikeli, nakuonya: wapo watu nikeli inawawasha, ngozi inatoa vipele shingoni. Muulize binti kama hereni za bei rahisi zinamsumbua masikio. Kama zinamsumbua, hiyo asiivae ikigusa ngozi.

MzeeWaRupia

Fundi, nakuheshimu na hilo la fremu ni kweli, ni bora kuliko tundu mara mia. Lakini uso wa pruufu hauvumilii kuvaliwa. Zile riale za bibi zetu zilikuwa zimetoka kwenye biashara, zimeshapigwa na mikono ya watu, mkwaruzo ulikuwa sehemu yake. Hii ikigusana na kifungo cha shati, na mnyororo, na jasho, baada ya muda kile kioo hakipo. Utabaki na fedha yenye picha. Mwenye nayo ana haki ya kuchagua hivyo, ila achague akijua.

Njoro_kwetu

Habari zenu kutoka Kenya. Nimefurahia huu uzi. Hapa kwetu tuna Beryl Markham, aliyelelewa Njoro akiwa mtoto wa mzungu mfuga farasi, ambaye mwaka 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, upepo ukimpinga njia nzima, akaangukia Nova Scotia akiwa hai. Mwanamke wa kwanza kuivuka peke yake kwa upande huo. Nimekuwa nikitamani sana kuona wanawake wa anga wa upande wetu wakiwekwa kwenye sarafu namna hii. Mama Rukia, mweleze binti kwamba anaingia kwenye ukoo mkubwa.

Spana17

Mama, hongera sana kwa kumlea fundi wa ndege. Mimi niko kwenye kazi hiyo hiyo, na kwa sababu binti yako ni fundi, siyo rubani, kuna sehemu ya habari ya Bessie inayomhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote kwenye uzi huu. Ni ya huzuni, lakini naona atastahili kuijua.

Bessie alikufa 30 Aprili 1926 huko Jacksonville, Florida, akiwa na miaka 34. Alikuwa amenunua ndege ya zamani aina ya Curtiss JN-4 huko huko Dallas, ikarushwa kuja Florida na fundi wake, William Wills, na njiani ilimlazimu kutua kwa hitilafu. Siku ile walipanda pamoja, Wills akiendesha. Bessie alikuwa nyuma bila kufunga mkanda, kwa sababu kesho yake alipanga kuruka na mwavuli kwenye maonyesho na alitaka kuchungulia nje aone uwanja ulivyo. Ndege ikachomoka ghafla kwenda chini, ikapinduka, Bessie akadondoka. Wills alikufa ndege ilipoanguka. Baadaye ikagundulika kwamba spana ilikuwa imejichomeka kwenye gia za mfumo wa uongozaji.

Spana iliyosahaulika. Ndiyo maana sisi leo, kwenye karakana yoyote inayofuata taratibu, kila kifaa kina nafasi yake iliyochorwa umbo lake kwenye ubao au kwenye sanduku, kinahesabiwa kabla ya kazi na kinahesabiwa baada ya kazi. Kikikosekana kimoja, ndege hairuki mpaka kionekane, hata kama abiria wameshakaa. Binti yako amefundishwa hayo chuoni, na kuna siku atakuwa amechoka, usiku wa manane, msimamizi anamharakisha, na hesabu itakuwa pungufu moja. Ningependa siku hiyo awe anamjua Bessie Coleman.

Na hapo ninaingiza ombi langu kama mtu wa karakana: asivae kidani kazini. Mkufu, pete, saa ya chuma, vyote tunavua kabla ya kugusa mashine. Mkufu unanaswa, chuma kinapitisha umeme wa betri, na kikikatika ndicho kinageuka kuwa kile kitu kilichopotea ndani ya injini. Kwa hiyo fikiria kidani cha sherehe, siyo cha kila siku.

DadaMkunazini

Nimesoma jibu la Spana17 mara mbili. Asante sana mkuu.

Mimi nina la kuongeza kuhusu huo upande wa pili wa sarafu ambao hamjauzungumzia. Ile sura ya Washington nayo ni kazi ya mwanamke, Laura Gardin Fraser. Aliichonga kwa ajili ya robo dola ya mwaka 1932, kamati ya sanaa ikaipendelea, lakini Hazina ikachukua mchoro wa mwanaume, John Flanagan. Mchoro wa Laura haukuingia kwenye robo dola mpaka huu mfululizo wa wanawake ulipoanza 2022. Miaka tisini. Ndiyo maana fremu ya fundi ingependeza iwe wazi pande zote mbili, asifunike nyuma kwa bati.

MamaRukia_Tanga

Wakuu, Mungu awabariki. Sikutegemea majibu ya namna hii.

Nimerudi kwa sonara na kumuomba mizani tu. Moja imesoma 6.34, ukingo wake mweupe kote. Ya pili imesoma 5.68, na nilipoiinamisha penye jua mstari wa shaba ukaonekana wazi kabisa. Kwa hiyo moja ni fedha, nyingine siyo, na muuzaji aliandika zote ni fedha. Mdogo wangu nimemtumia picha za mizani, anafuatana naye arudishiwe tofauti.

Nimeamua hivi. Ile ya fedha haitobolewi wala haiwekwi fremu. Binti atapewa kama ilivyo, aihifadhi, na akitaka siku moja kuwapa watoto wake, shauri yake. Ile ya shaba na nikeli ndiyo itakuwa kidani. Picha ni ile ile, Bessie ni yule yule. Nimemuuliza binti kwa kuzungukazunguka asije akashtukia, hereni za kawaida hazimwashi. Hata hivyo nitaomba fremu ya fedha, iwe wazi pande mbili kama alivyosema dada wa Mkunazini, na atavaa juu ya gauni. Habari ya spana nitamwandikia kwa mkono wangu, nitaiweka pamoja na ile ya fedha.

Sasa nisaidieni moja la mwisho. Huku Tanga hewa ya bahari inafubaza kila kitu, vijiko vyangu vya fedha vinasawijika nikigeuka tu. Hii sarafu nitaitunzaje mpaka mahafali, na yeye ataitunzaje baadaye? Sonara anasema ikifubaa aisugue kwa limau na jivu.

MzeeWaRupia

Uamuzi mzuri sana, dada. Umenifurahisha.

Limau na jivu hapana. Dawa ya meno hapana. Hata kitambaa laini hapana. Pruufu haisuguliwi kwa kitu chochote. Ikifubaa kidogo kwa miaka, ule weusi mwepesi hauiondolei heshima. Kusugua ndiko kunakoiondolea.

Leo hii itoe kwenye kile kifuko laini. Plastiki laini nyingi zina PVC, na kwenye joto letu inatoa kemikali taratibu inayoacha utando wa kijani unaonata juu ya sarafu. Kama utando umeshaanza, ichovye kwenye asetoni safi ya maabara, siyo ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato, kisha iache ikauke yenyewe. Fanyia mahali penye hewa, mbali na moto. Kama haina utando, usiichovye popote.

Mwambie mdogo wako akutumie kapsuli ngumu za robo dola, yaani vikasha vya plastiki ngumu vya kuwekea sarafu, kipenyo milimita 24.3. Huko ni vitu vya bei ndogo. Vaa glovu za pamba au ishike kwa ukingo tu unapoiweka ndani. Kinachoifubaza fedha ni salfa iliyo hewani, na unyevu unaisaidia. Kwa hiyo usiiweke karibu na raba, sufu, gazeti wala kasha la mbao, hivyo vinatoa salfa na mvuke wa asidi. Kopo la plastiki ngumu lenye mfuniko unaobana, ndani pakiti ya silika, kabatini mbali na jikoni. Inatosha.

Kuna watu watakushauri uitume PCGS au NGC, kampuni za kupima ubora wa sarafu, ipewe alama. Kwa sarafu moja ya namna hii gharama ya kuipima itazidi bei yake. Acha.

FundiMkufu

Mama, kwa hiyo fremu, mwambie sonara wako apime sarafu yenyewe, asikadirie kwa shilingi. Na mwambie ukanda aubane kwa kusukuma kidogo kidogo pande zinazokabiliana, juu na chini, kushoto na kulia, siyo kuzunguka moja kwa moja, vinginevyo sarafu inakaa upande. Awekee pete mbili juu, siyo moja, ili kidani kisigeuke Bessie akaangalia kifuani.

MamaRukia_Tanga

Nimeyaandika yote kwenye karatasi, kesho nampelekea. Pakiti za silika ninazo zilizotoka kwenye maboksi ya viatu, zinafaa?

MzeeWaRupia

Zilizokaa wazi zimeshashiba unyevu, hazifanyi kazi. Nunua mpya, zile za punje zenye rangi, zinabadilika rangi zikijaa. Ukiona zimebadilika, badilisha pakiti.